Njia ya Kumpandisha Musili

Uthiru, 7 Juni 2025. Leo ni miezi saba tangu niondoke Mwingi.

Kwako Kaluki, mama Kasiva,

Mgongo unauma, lakini kazi ipo. Nilipewa kujenga njia ya zege mlangoni pa studio ya muziki, ili wanaotumia viti vya magurudumu waingie kurekodi bila kubebwa.

Mwenye studio aliponiambia wa kwanza kuitumia ni Musili, yule aliyetaka kukuoa kabla ya ajali yake, niliipa mwinuko mkali makusudi. Jumatatu kiti kilimrudisha chini mara mbili. Uso wangu ulijaa saruji, hakunitambua.

"Fundi, hii umejengea mbuzi?" akacheka.

Nikamuuliza anarekodi wimbo gani.

"Unaitwa Kaluki. Ameolewa, lakini jina halikuolewa."

Nilimwonea wivu. Akajaribu tena, akakataa kusukumwa, akiyazungusha magurudumu mwenyewe. Hapo nikaona aibu. Niliivunja ile njia, nikaijenga upya, ndefu na ya mwinuko mdogo. Jana alipanda mwenyewe, akaimba. Anaimba vizuri, na hilo ndilo linaloniuma. Mimi sijawahi kukuimbia.

Redio itaupiga wimbo huo Jumamosi ijayo. Usiusikilize peke yako. Nafika Ijumaa, nataka kuuona uso wako.

Mumeo,
Kivuva