Rivale Wangu wa Mununga

Jumatatu, 7 Julai 1997
Napasua samaki, natia chumvi. Mwalimu Mulenga, jirani yangu hapa Kashikishi, amepita akauliza kwa Kiingereza kama rival wangu bado eko Mununga. Alifikiri najua. Kwetu Kongo, rivale ni muke mwenzako. Kisu kimenikata kidole.

Jumanne, 8 Julai
Nimemuuliza bwana wangu, Mwansa. Hakukana. "Anaitwa Chileshe. Eko na mimba." Kisha akasukuma mutumbwi, akaenda kutega nyavu upande wa kisiwa. Namuchukia.

Jumatano, 9 Julai
Upepo mukali. Mwansa hajarudi.
Neno lile linanitafuna. Kiingereza kililichukua kwa Kifaransa, Kifaransa kwa Kilatini. Masere, watawa wa shule yetu Lubumbashi, walitufundisha: rivalis, kutoka rivus, kijito. Rivales walikuwa majirani wanaochota mayi kwenye kijito kimoja, wakigombana kiangazi. Ni hayo tu. Hakuna bwana, hakuna kitanda. Nilitafuta adui ndani ya neno, nikakuta jirani mwenye kiu. Halikunifaa.

Alhamisi, 10 Julai
Mitumbwi mingine imerudi Kashikishi. Wa Mwansa, hapana. Lori ya samaki imeshusha mwanamuke mwenye tumbo kubwa. Chileshe. Mudogo kuliko nilivyomuwaza.
"Nimesikia upepo umemuchukua," alisema.
Wanawake wa soko waliacha kuuza, wakingoja tupigane. Nilimwambia, "Kaa kivulini." Sijui kwa nini.

Ijumaa, 11 Julai
Wavuvi wameokota kasia. Si letu, nadhani. Chileshe alilishika muda mrefu. Usiku alilala kwangu. Alikula bukari, ugali wangu, akatapika. Nikapika tena.
Naogopa. Pia nawaza: Mwansa akifa, huyu atabaki na mutoto. Mimi nitabaki na nini? Wazo baya. Limekataa kuondoka.

Jumamosi, 12 Julai
Amerudi. Ubao wa mutumbwi ulipasuka, akakaa kisiwani akiuziba mpaka upepo upoe. Alituona tumesimama pamoja ufukoni, akaacha kupiga kasia. Akabaki palepale, mayi ya magoti tu. Chileshe alilia. Mimi nilisema, "Shuka." Akashuka.

Jumapili, 13 Julai
Ziwa limetulia. Sikuenda misa. Mwansa anashona nyavu nje. Chakula nimemupa. Mulango wa chumba, bado nimefunga.
Chileshe amerudi Mununga na lori ya asubuhi. Nilimubebea mufuko. Dirishani alisema, "Bakia muzuri, yaya," kama mudogo anavyomuita dada yake mukubwa.
Sikuitika. Sikumukataza pia.