Brokoli ya Mwalimu Kwok

Seo-rin, mbona hupokei simu? Basi nakuandikia hapahapa kwenye treni. Uso wangu sijui niuweke wapi.

Tumetoka kwenye usaili wa Ha-ram wangu, kwenye ile shule ya kimataifa ya mlimani. Mtoto wa miaka minne, ati usaili!

Unamkumbuka Mwalimu Kwok, yule anayewanoa watoto kwa usaili, ambaye uliniapia kuwa ni siri yetu wawili? Shoga, Hong Kong nzima inayo siri hiyo.

Wakaingizwa watoto sita, wakapewa kigari kimoja cha kuchezea. “Chukua wewe.” “Hapana, anza wewe.” Kigari kikazunguka chumba kizima, kikarudi kilikotoka. Hakuna aliyecheza!

Mwalimu wa shule akawauliza wanapenda chakula gani.

“Brokoli.” “Brokoli.” “Brokoli.”

WOTE. Mpaka Ha-ram wangu, ambaye mboga hiyo huificha chini ya mto wa kochi!

Sisi wazazi tumejipanga ukutani, tunatazama dari. Mume wangu ananinong'oneza, “Mama Ha-ram, hawa wametoka kiwanda kimoja.”

Mwalimu akacheka, akanigeukia mimi. Kwa nini mimi? “Watoto wamefundishwa vizuri. Sasa mama, niambie ukweli tu. Mwanao nyumbani anapenda kula nini?”

Ukweli ulishafika mdomoni. Tambi za pakiti, tena mbichi, anazitafuna kama karanga. Mtu kauomba ukweli mwenyewe, shoga. Kauomba!

Nikasema brokoli.

Ha-ram akaniangalia kwa huruma kabisa.

“Mama, kumbe na wewe unaenda kwa Mwalimu Kwok?”