Ushuhuda wa Miaka Mitatu

Jumapili, 28 Juni 2015

Nimeamka mapema kumsuka binti yangu Sifa. Akalia, kama kila Jumapili. Mwanangu Jonathan amekataa viatu. Tumefika kanisani, mtaa wa Matonge hapa Brussels, wimbo wa pili umeshaisha.

Baba Sifa ametoa tena ushuhuda wake. Mchungaji humwita kila wakija wageni, kama mwenye nyumba anavyotoa vikombe vya kabatini. Miaka mitatu Amerika bila karatasi, Mungu akamficha kama Eliya. Polisi walipita mlangoni wakaona ukuta. Kina mama wakapiga vigelegele. Mume wangu akishika kipaza sauti huwezi kujua kuwa ndiye yule asiyesema neno mezani.

Ushuhuda huo naujua kwa moyo. Ndiyo maana majira ya baridi, nilipojaza fomu za Amerika kwenye kompyuta, sikumuuliza kitu. Jina langu ndilo lililotoka katika bahati nasibu ya kadi ya kijani, ile ya kuishi huko, kwa hiyo nilijaza mimi, za wote wanne. Walipouliza kama aliwahi kubaki Amerika baada ya ruhusa yake kwisha, niliandika ndiyo, 2003 hadi 2006. Sisi hatusemi uongo. Nilimwita asome kabla sijatuma. Alisema amen kutoka kitandani.

Jumatano, 8 Julai

Barua imekuja! Mahojiano tarehe 18 Agosti, hapa hapa Brussels. Nimepiga kelele hadi jirani wa chini akagonga dari.

Nimempigia mama. Miaka tisa sijamwona. Alipelekwa Texas pamoja na wakimbizi wenzake, mimi nikiwa nimeshafika huku. Anaishi kwa mdogo wangu Neema, magoti yamekufa. Alisema tu: "Kuja, mwanangu. Kuja na batoto nibaone na macho."

Viza lazima zitoke kabla Septemba haijaisha. Baada ya hapo bahati ya mwaka huu haina kazi tena.

Jumamosi, 18 Julai

Saluni. Maman Solange amenisuka tangu asubuhi. Kiti cha pili alikaa dada mmoja Mtanzania, anaitwa Rehema, anafanya kazi kwa wakili wa mambo ya viza. Nilikuwa najisifu, sikatai. Nikamwambia yote, na habari ya mume wangu pia, tena kwa madaha.

Rehema akaweka simu chini. "Dada, hiyo ni serious. Mtu akizidisha mwaka mzima bila status, akitoka wanamfungia mlango miaka kumi, haingii tena. Alitoka lini?"

Mwisho wa 2006. Akahesabu kwa vidole. Marufuku hiyo inaisha mwisho wa 2016. Ingekuwa chini ya miezi sita, wala wasingemuuliza sana.

Kichwa nusu kimesukwa, nusu kimesimama. Nilitaka kukimbia hivyo hivyo.

Jumapili, 19 Julai

Nimemwambia Baba Sifa. Ameosha vyombo vyote, hata vilivyokuwa safi. Mwishowe akasema Mungu atafanya njia. Nimekasirika. Fomu hakuijaza Mungu, nimeijaza mimi.

Jumatatu, 10 Agosti

Baba Sifa anakula kidogo. Kazini, kwenye nyumba ya wazee Etterbeek, nimempa bibi mmoja dawa ya jirani yake, nikaikamata mkononi kabla hajameza. Sijawahi kukosea hivyo. Naogopa.

Jumanne, 18 Agosti

Niandike kwa utaratibu.

Ubalozi wa Amerika, dirisha la kioo. Nyuma yake mwanamke kijana, anaongea Kifaransa kizuri. Kwangu maswali machache, kwa watoto akatabasamu. Kisha akamgeukia Baba Sifa. Miaka mitatu bila ruhusa, ndivyo fomu inavyosema. Ni kweli?

Nilisikia mashine ya karatasi nyuma yake.

"Non, madame. Quatre mois," akasema Baba Sifa. Miezi minne tu.

Nikadhani ametafuta uongo wa kutuokoa. Nikamkanyaga mguu. Lakini mwanamke akasoma kompyuta yake: kwao anaonekana ameingia Januari 2006, ruhusa ya miezi sita. Basi 2003 hadi 2006 alikuwa wapi?

Lubumbashi. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi.

Nimeolewa na mtu huyu tangu 2007. Sikujua kama aliwahi kushika chaki.

Mwanamke hakukasirika, na hiyo iliniumiza zaidi. Alisema miezi minne haimfungii mtu. Ila fomu inasema miaka mitatu, na aliyeingia kwa siri kwa mlango mwingine haonekani kwenye kompyuta. Alete karatasi za shule kuonyesha alikuwa Lubumbashi, za asili, si picha. Kabla ya mwisho wa Septemba. Mimi na watoto tuko tayari, tutapewa zetu.

Tulishuka kwenye metro. Tulipofika kituo cha Porte de Namur ndipo akafungua kinywa, macho chini. "Mu kanisa nilianza na myezi ine. Bantu babaki kimya. Nikasema mwaka moja, bakapiga makofi. Alors..."

Alors! Eti basi! Vigelegele vimemlisha hadi akanenepa miaka mitatu.

Jumatano, 19 Agosti

Nimelala na watoto. Nimemchukia tangu asubuhi hadi jioni. Kesho tena.

Jumanne, 1 Septemba

Pasipoti tatu zimerudi, zina viza. Nzuri kweli, zinang'aa. Ya nne, ya Baba Sifa, imebaki ubalozini.

Dada yake mkubwa wa Lubumbashi, ya Marceline kama tunavyomwita, amemwona mkuu wa shule. Anamkumbuka. Ataandika cheti na kukigonga muhuri, shule zikifunguliwa. Na ya Marceline anazunguka kwa wazazi wa zamani akiomba bulletin za watoto, zile za alama, zenye sahihi ya mwalimu.

Jumapili, 13 Septemba

Kanisani Baba Sifa ameomba kipaza sauti mwenyewe. Nilijua anachokwenda kusema. Amesema: si miaka mitatu, ni miezi minne. Polisi hawakupita mlangoni. Alilala kwenye chumba cha chini cha binamu yake, akaogopa, akalia, akapanda ndege kuja huku. Miaka ile mitatu alikuwa anafundisha bila mshahara, wazazi wakimlipa kwa unga. Aliona haya kusema.

Hakuna kigelegele. Mtu akakohoa. Mchungaji akatazama Biblia yake kana kwamba ameandikiwa humo la kufanya. Ndipo mjomba wetu sote, tonton Oscar, mzee wa viti vya nyuma, akauliza kwa sauti: "Batoto bangapi mu darasa?"

"Soixante-trois, tonton." Sitini na watatu.

"Na unga tu?"

"Na unga tu."

Mzee akatikisa kichwa. "Basi huyo Mungu wa unga, utuelezee yeye."

Watu wakacheka, si kwa ubaya. Mimi nimelia. Bado nimekasirika. Yote mawili yanakaa ndani kwa pamoja.

Jumatatu, 21 Septemba

Karatasi zimepatikana! Cheti na bulletin kumi na moja. Nimesema zitumwe kwa kampuni ya vifurushi, kwa ndege, haraka. Baba Sifa na dada yake wamekataa: karatasi za posta hupotea, za mkononi hufika. Maman Béa wa kanisani kwetu yuko Lubumbashi kwa mazishi, anarudi Alhamisi, bahasha imeshaingia sandukuni mwake. Nimebishana hadi sauti imekauka. Wawili kwa mmoja. Sawa. Alhamisi si mbali.

Alhamisi, 24 Septemba

Maman Béa hajashuka uwanja wa ndege wa Zaventem.

Ijumaa, 25 Septemba

Ameshuka Paris. Harusi ya mpwa wake. Amesema kwenye simu, muziki ukipiga nyuma: "Maman Sifa, usitie presha, bahasha iko salama, iko chini ya samaki." Sanduku lenyewe limeenda na mwanawe kwa wakwe, nje ya mji, na mwana hashiki simu. Baba Sifa amepanda basi kwenda Paris.

Jumapili, 27 Septemba

Amerudi mikono mitupu. Nyumba ya wakwe ameiona, watu wamesema sanduku limeshaondoka. Ameketi jikoni na koti mwilini.

Jumatano, 30 Septemba

Baba Sifa amekwenda kusimama mlangoni pa ubalozi hata hivyo, akiwa na picha za karatasi kwenye simu. Wamempokea kwa adabu. Wanataka za asili. Saa za kazi zimeisha, ofisi imefungwa, na mwaka wa bahati umefungwa nayo.

Alhamisi, 1 Oktoba

Maman Béa amepanda ngazi zetu anahema, bahasha kifuani. Inanuka samaki. Alipoona nyuso zetu alikaa chini, akajipiga paja, akalia kweli kweli. Sikuweza kumtukana. Nimempa chai.

Nimesoma bulletin. Mwandiko wake wa ujana, umenyooka. Kila mtoto amemwandikia neno jema, hata wa mwisho. Sikutaka kumpenda leo.

Jumamosi, 10 Oktoba

Rehema ameeleza. Niende na watoto, viza bado zina miezi. Nikipata kadi yangu nimwombee mume viza. Miezi minne haitamzuia, na karatasi za shule sasa zipo. Itachukua muda gani? Miaka miwili. Labda mitatu.

Nimesema siendi. Mama amelia kwenye simu. Baba Sifa amesema nenda. Nimemuuliza kama anajua anachosema. Amesema kwa mara ya kwanza anajua.

Jumamosi, 23 Januari 2016

Ndege ni kesho mchana. Masanduku yako mlangoni. Miaka mitatu aliyoitunga, sasa tunaenda kuikaa kweli, yeye huku na sisi kule.

Asubuhi amemsuka Sifa mwenyewe. Alijifunza kwa Maman Solange wiki nzima, kisiri. Mistari imepinda. Sifa hakulia hadi mwisho, kisha akajitazama kwenye kioo akasema ni nzuri.

Sasa Baba Sifa anapiga pasi nguo ambazo hazihitaji pasi. Nimemwacha. Jonathan amelala kwenye kochi na viatu miguuni, amekataa kuvuliwa.