Ngazi ya Mizinga

Mjukuu na mke mwenzangu Editha,

Huku Titye tu wazima, maharage tumevuna, na babu yako bado anabishana na redio.

Pole sana. Unasema wezi waliingia kwenye kompyuta za duka la dawa unazozilinda kupitia tundu la programu ileile uliyoweka kuzuia virusi, kwa kuwa programu inayokagua kila kitu huruhusiwa kufika kila mahali. Watengenezaji sasa wametoa kiraka cha kuziba tundu hilo. Unauliza kama uing'oe programu hiyo, na kazi yenyewe ya ulinzi uiache.

Nilipokuwa msichana, baba alizungushia bati mti wa mizinga ya nyuki ili nyegere asipande. Kisha akaegemeza ngazi mtini na kuiacha hapo, awe anapanda kukagua. Nyegere akapandia ngazi hiyohiyo, akala asali yote. Mama alisema, "Achana na mizinga." Siku hiyo baba hakugusa chakula.

Kesho yake alitundika mizinga upya. Kukagua hakuacha, ila kila aliposhuka alirudi nyumbani na ngazi begani. Njia ilikuwa ndefu, bega likawa linamchubuka, na mama akawa anampaka mafuta jioni.

Asali iliyofuata tuliila sisi, Editha.

Bibi yako