Nina Mnyoo

Ilemela, Mwanza
8 Desemba 2024

Shangazi Modesta,

Sitaki uuguzi. Hilo sijamwambia mtu yeyote, na nimelitanguliza kabla ya salamu nisije nikaghairi. Sasa, shikamoo. Habari za joto la Tanga? Sisi wazima, mvua tu imetukalia.

Mama ameshaninunulia viatu vyeupe kabla hata matokeo ya Kidato cha Nne hayajatoka. Mimi nikiona damu naona giza. Ninachotaka ni kusoma viumbe kama huyu mnyoo wa baharini uliyenitumia kwa basi. Nilimpokea stendi ya Nyegezi, chupa haikupasuka. Kitabu chako cha Kiingereza nakisoma huku nageuza kwa Kiswahili kimoyomoyo: pua nono ya kuchimbia, kisha ukosi kama wa shati, kisha kiwiliwili kirefu, laini. Na moyo wake uko ndani ya pua! Namweka chini ya kitanda.

Juzi mama alinikuta natabasamu peke yangu. "Una nini wewe?" Nikasema, "Nina mnyoo, mama." Navuta pumzi nimalizie, kumbe ameshajifunga kitenge, huyo, duka la dawa. Nilimeza, shangazi. Ningesemaje? Jioni nikamsikia akimwambia jirani yetu, Mama Gladness, "Ndiyo maana alikuwa hanenepi!"

Mwanao,
Kija

Tanga
15 Desemba 2024

Mwanangu Kija,

Marahaba. Sijambo, ila mbavu zinauma kwa kucheka. Wenzangu wa maabara wananiuliza habari za mgonjwa wetu.

Huyo wa chupani ni mfu. Walio hai hukaa mchangani, wanakula tope na kulitoa nyuma likiwa limejiviringa kama dawa ya meno. Ukimshika, mkono unanuka hospitali siku nzima. Maji huingia kwa mdomo yakatokea kwenye vitundu vya ubavuni. Hivyo vitundu ndivyo vinavyotufanya tuseme ni ndugu yetu wa mbali. Hata wewe, tumboni mwa mama yako, ulikuwa na mikunjo ya namna hiyo shingoni.

Njoo uchimbe nami maji yakipwa. Nafasi ya mwanafunzi mmoja ninayo, mwisho wa kunijibu tarehe kumi Januari. Lakini sitakuombea ruhusa. Kaka yangu alishasema mambo yako anaamua mama yako, na wifi yangu namjua: nikipiga simu mimi, nimemwibia mtoto. Sema mwenyewe.

Shangazi yako,
Modesta

Tanga
3 Januari 2025

Kija mwanangu,

Heri ya mwaka mpya. Mbona kimya? Hamjambo huko? Umesema, au umemeza tena?

Shangazi

Ilemela
6 Januari 2025

Shangazi,

Shikamoo. Nisamehe kimya. Kila siku nilipanga kusema kesho.

Jana mama alikuwa anafagia chini ya kitanda. Nikasikia ukelele. "Kija! Ndiye huyu aliyetoka?" Sijafungua mdomo, Mama Gladness ameshaitwa, naye akaanza:

"Yesu wangu, mrefu hivi! Na umemtunza wa nini, ukamwoneshe mchumba?"

Nilitamani ardhi inipokee. Mama akaisogeza chupa dirishani. Unajua anauza samaki soko la Kirumba tangu sijazaliwa. Samaki yeyote, macho ya mama huenda kwanza kwenye mashavu anayopumulia. Akasema, "Hivi vitundu vya ubavuni mbona kama mashavu ya sato?"

Shangazi, sauti ikanitoka. Nilieleza pua, ukosi, maji yanavyoingia na kutoka, mpaka ile mikunjo niliyokuwa nayo tumboni mwake. Akajishika tumbo bila kujua. Mama Gladness akasema anachelewa maharage, akaondoka.

"Kwa hiyo dawa ulimeza bure?"

"Ndiyo, mama."

"Na nini kingine unameza tu, Kija?"

Nikasema naenda kuteka maji. Nilikaa bombani mpaka ndoo ikafurika.

Tangu jana hajaniuliza tena, ila hajaniondolea macho. Nimeanza barua hii ili nikuambie nimeshindwa, umpe nafasi mtoto mwingine.

Nasikia kandambili zake koridoni. Mkono umeshaisukuma karatasi chini ya shuka kabla sijaamua.

Nimeitoa. Iko mezani, wazi, na kalamu bado ninayo. Amesimama mlangoni, anauliza naandika kwa nani.

Nimemwambia aingie, akae.