Kidole cha Kemilembe

Kihanga, Karagwe

Mama yangu, shikamoo.

Goti linasemaje? Bado unaligombeza kama mtoto mtundu? Na mikorosho yetu imeanza kuchanua? Huku mimi ni mzima, ila baridi ya asubuhi inanivalisha sweta mbili, nanenepa kwa sufu tu. Ningepiga simu, lakini nakujua, ukishakata unasahau nusu ya maneno. Barua utamwita mdogo wangu Hadija akusomee mpaka uridhike.

Mama, siku hizi naota maboga. Kahawa imechanua, ukungu umelala juu ya migomba, kila kitu kinanukia utamu, na mimi usingizini nakuona umekaa katikati ya kibanja (ndivyo wanavyoliita hapa shamba la migomba lililozunguka nyumba), unachambua majani ya maboga huku unaniuliza chumvi iko wapi. Naamka natafuta chumvi kweli! Usinicheke.

Chanzo ni watoto wangu wa darasa la awali. Niliwauliza boga linatoka wapi, mmoja akajibu haraka, "Kwa bibi." Basi nikaona tuanzie kwenye mbegu. Tulikata chupa za maji, tukatia pamba mbichi, tukapanga mbegu dirishani. Tukawa na mchezo pia: wote wanajikunja mkekani, wao ni mbegu, mimi ni mvua. Napita nikiwanyunyizia matone. Darasa linanyamaza kabisa, unasikia pumzi zao tu. Halafu kidole kimoja kinainuka, mkono, kichwa, mpaka wote wamesimama wakipepesuka kama miche. Mama, nikiwatazama hivyo husahau kabisa kwamba niko mbali na kwetu.

Miche tuliihamishia kwenye kibanja cha shule, nyuma ya darasa. Ikatambaa hadi kwenye migomba, ikachanua, yakatokea maboga machanga madogo kama limau. Hapo ndipo nilipoharibu. Niliwapanga watoto nikawaambia kila mmoja anionyeshe boga lake. Mmoja mmoja wakaonyesha kwa ngumi, mimi nikadhani ni utani wao. Ikafika zamu ya Kemilembe, kabinti kapole kasikopenda kukosea. Nikamwambia, "Nyoosha kidole vizuri, Kemi, nione." Akanyoosha. Darasa zima likashtuka, "Iii!"

Kumbe hapa boga changa halionyeshwi kwa kidole kilichonyooka. Linaoza. Kila mtoto analijua hilo kabla hajajua kuhesabu. Na boga lile, wallahi, baada ya siku chache likawa njano, likadondoka. "Mwalimu, Kemi ameliua!" Mimi mjinga nikacheka. Kesho yake Kemi hakuja, na siku iliyofuata pia hakuja.

Nikaenda kwao. Bibi yake alinikaribisha ndizi na maharage, akaniambia mtoto anashinda ameuficha mkono ndani ya sweta. Mama yake Kemi ni mjamzito, mimba iliyotangulia iliharibika, kwa hiyo amekwenda kusubiri siku zake Nyakahanga, karibu na hospitali. Na kabla hajaondoka, Kemi alimgusa tumbo kwa kidole akauliza, "Mtoto yuko hapa?" Sasa umeelewa, Mama? Wakitaka kumpeleka akamsalimie mama yake, analia mpaka anatapika. Bibi akashusha sauti: "Anasema kidole chake ni kibaya." Moyo uliniuma sana.

Nikamwambia Kemi, boga lile lilianguka kwa sababu ua lake halikuolewa. Mvua ilinyesha kila asubuhi, nyuki wakakaa kwao. Njoo kesho tufanye harusi. Akanitazama weee. Lakini alikuja, mkono ndani ya sweta.

Tukachuma ua dume, lile lenye unga wa njano, kama yale uliyokuwa ukinituma niyachume ukapikie mboga. Nikamwambia, "Toa kidole, kilekile." Akakitoa taratibu. Akachovya unga, akaupaka ndani ya ua jike, huku pumzi ameibana. Wenzake nikawaambia wapige vigelegele. Walianza kwa woga, kisha wakapiga hadi walimu wa madarasa mengine wakatoka nje.

Nilipobaki peke yangu nikaogopa, Mama. Na hili nalo likidondoka? Nitamwambia nini mtoto yule? Kila alfajiri nilikwenda kibanjani kabla ya watoto, nikapapasa kwenye majani yenye umande. Limeshika. Leo ni kubwa kuliko ngumi yangu. Lakini Kemi anasema boga ni boga, mtoto ni mtoto. Kidole kimerudi ndani ya sweta, na habari kutoka Nyakahanga hatuna. Niombee, na mwombee na mama yake.

Mimi mwenyewe nimeharibika. Juzi mjini Kayanga mtu kaniuliza stendi iko wapi, nikamwonyesha kwa ngumi. Alirudi nyuma!

Msalimie Hadija na mumewe, shangazi Mwanahawa mpika vitumbua, na Baba mdogo, umwambie redio yake sijaisahau.

Ni mimi mwanao,
Rehema

Mama, barua nilishaifunga, nimeifungua tena. Leo mchana bibi yake Kemi ameleta ujumbe kwamba mama amerudi. Tukaenda, mimi nikiwa nimemshika Kemi mkono ule mwingine. Mtoto ni wa kiume, amefungwa kwenye blanketi, macho hayajui yatazame wapi. Kemi akasimama mlangoni, haingii. Mama yake akamwita, wala hakumlazimisha, akafungua tu blanketi kidogo. Kemi akasogea hatua kwa hatua mpaka kitandani. Kisha ukatoka ule mkono, ukatoka na kidole, kikasogea polepole kama siku ile ya ua.

Mtoto akakidaka. Akakibana kwa vidole vyake vyote, akalala nacho.

Ninavyokuandikia hivi, hapahapa kwao, kumeanza kuwa giza, na Kemi bado amekaa palepale kitandani. Ameletewa chakula, amekataa. Anasema hawezi kula, mkono wake una kazi.