Siku Thelathini za Kujibu

Jumatatu, 2 Oktoba 2023

Siku ya kwanza, idara ya misitu, ghorofa ya nne. Mafunzo kazini kwa "wahitimu wapya wa jamii za asili". Nina miaka arobaini na mmoja. Kumi na sita nimeandikia gazeti la kwetu, pwani ya magharibi ya Kisiwa cha Vancouver. Shahada nimeipata Juni. Basi mimi ni mhitimu mpya.

Tuko wawili. Mwenzangu Tanis, wa kabila la Wakrii kutoka Alberta, ana miaka ishirini na mitatu. Alidhani mimi ndiye msimamizi. "Bosi, samahani, kahawa iko wapi?" Msimamizi hasa ni Brandvold. Mpole.

Kazi ni barua. Kampuni ikiomba kukata miti, idara huiandikia jamii yenye ardhi. Siku thelathini za kujibu. Isipojibu tunaandika "hakuna pingamizi" na kibali kinatoka. Meza yangu haina dirisha.

Alhamisi, 5 Oktoba

Faili la kumi na moja ni la kwetu! Bonde la Juu, hekta mia mbili na kumi, mierezi mitupu. Ndimo tunamobambua magome ya kusukia — bibi, mama, mimi. Barua ilitumwa 27 Septemba. Mwisho 27 Oktoba, saa kumi na nusu jioni.

Nilimwambia Brandvold papo hapo. Akasema nimefanya vizuri kusema. Nisitoe mapendekezo, nipange karatasi tu.

Jumanne, 10 Oktoba

Mwenye bonde, mkuu wa ukoo wetu, amefariki juzi. Jina lake halitajwi mpaka karamu ya kuondoa msiba, mwakani. Hata humu silitaji. Kiti chake kikiwa wazi, hakuna wa kulisemea bonde. Ofisi ya kijiji imefungwa. Barua ya idara imo humo, haijafunguliwa.

Nimeomba siku mbili za mazishi. Nimepewa moja.

Jumatatu, 16 Oktoba

Nimemweleza Brandvold. Hakubisha. Kuna fomu ya kuongeza muda: jamii ikifiwa hupewa siku sitini. "Mbona rahisi," alisema. Tukaifungua pamoja. Kisanduku cha saba: jina kamili la marehemu. Kikiwa kitupu mfumo wa kompyuta hauipokei.

Nikampigia shangazi Rena, dada wa marehemu, kuomba ruhusa ya kuliandika.

— Haya, Gazeti. Umeanza.

— Shangazi, ni kisanduku kimoja tu.

— Hata kingekuwa nusu. Umekula?

— Nimekula sandwichi.

— Hiyo si kula. Usinipigie tena kwa habari za miti, binti. Tuna msiba.

Jumatano, 18 Oktoba

Tanis amejaza nukta. Amejaza vistari. Amejaza "hatajwi". Mfumo umekataa mara tano. "Dada, mashine hii kailea nani?" Brandvold amewapigia watu wa kompyuta. Wamemjibu kwamba maombi ya kubadili fomu hupokewa Aprili.

Alhamisi, 19 Oktoba

Nimeliandika. Saa tano asubuhi. Majina yote matatu, herufi kwa herufi. Penye mwombaji nimeweka jina langu, "mwanajamii". Gazetini tulikuwa tunangoja karamu ipite ndipo tuchape jina la marehemu.

Mfumo umepokea. Siku sitini.

Jumanne, 24 Oktoba

Nakala! Mfumo hutuma nakala kwa kila mhusika: kampuni, wakili wake, ofisi ya kijiji. Sikuuliza. Miaka kumi na sita nauliza watu maswali, hilo sikuuliza.

Jana kulikuwa na mkutano wa mtandaoni kuhusu barabara ya bondeni. Mtu wa kampuni alitaka kutoa pole kabla ya kuanza. Kwa nia njema kabisa akalisoma jina lote kwa sauti. Binamu zangu wawili walikuwamo. Walizima kamera, wakatoka. Yeye akadhani mtandao umekatika.

Alhamisi, 26 Oktoba

Barua ya mkono, imekuja kwa faksi. "Karatasi ile si yetu. Iondoeni." Sahihi ya shangazi Rena. Ndiyo barua ya kwanza idara kuipata kutoka kwetu kuhusu bonde.

Brandvold ameisoma mara mbili. Jamii imeikana fomu, siku sitini zimefutwa. Mwisho unarudi kesho. Akaniuliza kama nilikuwa na idhini ya mtu yeyote. Nikasema hapana. Akashukuru kwa kuwa nimesema kweli; tutaongea Jumatatu.

Tanis aliniwekea mkate wa kukaanga mezani. 

Ijumaa, 27 Oktoba

Saa kumi na dakika kumi. Shangazi amepiga simu ya idara. Hakunisalimu. "Nipe huyo mkubwa wako."

Brandvold amekuja, amefungua spika. Ametoa pole bila kutaja jina — amejifunza.

— Imeondolewa? shangazi ameuliza.

— Kwetu imeondolewa, mama. Nakala zilizokwisha kwenda siwezi kuzirudisha.

— Haya.

Kisha Brandvold ameinamia simu. "Mama, ile barua ya miti inaisha saa kumi na nusu. Sitaki fomu. Niambie tu kwamba mnapinga. Neno moja. Nitaliandika kwa mkono wangu." Hilo haliruhusiwi. Anajua. Tanis ameacha kutafuna.

Shangazi hajajibu. Hajakata simu pia. Naandika haya huku simu iko wazi. Nyuma yake kuna watu jikoni, vyombo vinaoshwa.

Brandvold amenong'ona: "Anafikiria?"

Nimetikisa kichwa. Hafikirii. Kiti kiko wazi. Mtu mmoja amekwisha kulisemea bonde bila kiti mwezi huu, na mtu huyo ni mimi. Shangazi hatakuwa wa pili.

Saa kumi na dakika ishirini na saba. Brandvold ameketi kwenye kompyuta. Amelifungua faili la kumi na moja, na kishale kiko juu ya "hakuna pingamizi". Hajabonyeza.

"Shangazi," nimesema.

"Nipo, binti," amesema. "Nipo hapa."